Kaburi Ng'ambo ya Mombasa

Mazungumzo ya ibada yaliyotangazwa redioni
Somo: Waebrania 11:1–16

Leo tunataka kulitazama pamoja neno moja ambalo Wakristo hulitamka mara nyingi, pengine bila kulipima uzito wake. Neno hilo ni ahadi.

Wazee wetu walisema mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo ni ya kweli, nasi tumewafundisha watoto wetu kuitumaini. Lakini tukifungua Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, twakuta neno lililo gumu kuliko methali. Mwandishi awataja Habili, Henoko, Nuhu, Ibrahimu na Sara, kisha katika mstari wa 13 atuambia kwamba watu hawa wote walikufa wakiwa bado katika imani, na zile ahadi hawakuwa wamezipokea. Waliziona kwa mbali tu, kama msafiri aonavyo taa ya kijiji ng'ambo ya bonde. Walivumilia, lakini zile mbivu hawakuzila wao.

Hapo ndipo swali linapotuuma. Je, mtu aliyemwamini Mungu maisha yake yote, akafa bila kuona alichokitumainia, alidanganywa? Tunajua ya kuwa miongoni mwenu wasikilizaji wako wanaoliuliza swali hili usiku, taa ikiisha kuzimwa. Yuko mama aliyemwombea mwanawe miaka mingi, na mwana hajarudi. Yuko mzee wa kanisa aliyefundisha katekisimu katika kijiji kimoja mpaka mvi zikamtoka, na akitazama nyuma haoni matunda. Tusiwajibu watu hao kwa maneno mepesi. Afadhali tuwasimulie habari iliyotokea katika nchi yetu hii hii, kisha tutazame pamoja inatufundisha nini.

Tuanze na Ibrahimu. Mungu alimwahidi nchi yote ya Kanaani, yeye na uzao wake. Alikaa ndani yake miaka mingi akihama na hema zake kama mgeni. Sara alipokufa, Ibrahimu hakuwa na hata mahali pa kumzika. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, chatueleza jinsi alivyosimama mbele ya Wahiti, akapatana na Efroni, akapima shekeli 400 za fedha, akanunua shamba la Makpela pamoja na pango lililokuwa ndani yake. Basi, kipande cha kwanza cha nchi ya ahadi kilichokuwa mali ya Ibrahimu kilikuwa kaburi la mkewe. Likumbukeni jambo hili, maana tutalikuta tena hapa kwetu pwani.

Mwaka 1844 alifika pwani yetu mtu mmoja aitwaye Johann Ludwig Krapf. Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani, mwana wa mkulima. Alitumwa na chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, yaani C.M.S., naye alikuwa amekwisha kufanya kazi Ethiopia tangu mwaka 1837 mpaka akafungiwa mlango wa nchi ile. Huko Ethiopia yeye na mkewe Rosina walikuwa wamemzika mtoto wao wa kwanza njiani. Walipofika Zanzibar, Sultani Seyyid Said alimpa Krapf barua ya kuwaagiza maliwali wake wamtendee wema. Mwezi wa Mei, Krapf na mkewe wakafanya makao yao Mombasa.

Mwezi wa Juni, akisaidiwa na kadhi mmoja wa mji, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Tungependa mlione jambo hili vizuri. Hapakuwa na Mkristo hata mmoja wa kukisoma kitabu hicho. Hapakuwa na shule wala kanisa. Aliyemsaidia alikuwa Mwislamu mwenye elimu, naye tunamshukuru kwa ukarimu wake wa kumfundisha mgeni lugha yake.

Mwezi wa Julai homa iliingia nyumbani mwao. Rosina alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu zilizopita. Krapf mwenyewe alikuwa amelala hoi, hana nguvu za kumwuguza mkewe. Tarehe 13 Julai 1844 Rosina akafa, na siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Rosina alikuwa ameomba asizikwe kisiwani. Alitaka azikwe ng'ambo, bara, mahali ambapo Wamijikenda walipita wakienda na kurudi, ili kaburi lake liwakumbushe sababu iliyowaleta watumishi wa Kristo katika nchi yao. Ndivyo ilivyofanyika. Kaburi hilo liko upande wa Nyali hata leo.

Sasa mwaona. Ibrahimu alipata Makpela, na Krapf akapata kaburi ng'ambo ya Mombasa. Kabla hajabatizwa mtu yeyote kwa mikono ya wageni hawa, kabla halijawekwa jiwe la kanisa, kipande cha kwanza cha ardhi kilichokuwa chao kilikuwa mahali pa kulaza maiti. Na Krapf, akiwa bado dhaifu kwa ugonjwa, aliwaandikia wakuu wa C.M.S. huko London kwamba sasa liko kaburi la mmisionari katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwamba wao walichukue kaburi hilo kuwa dalili ya kazi iliyokwisha kuanza na itakayoendelea mpaka ndani ya bara. Mtu mwingine angeandika kuomba nauli ya kurudi kwao, wala hatungemlaumu.

Krapf alikuwa na ndoto yake. Alitamani kuona mlolongo wa vituo vya Injili kuanzia Mombasa, ukipita katikati ya Afrika mpaka pwani ya magharibi. Wapenzi, mtu huyu hakuwa hata na nyumba ya udongo nje ya kisiwa cha Mombasa!

Mwaka 1846 akaja mwenziwe, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26, naye kutoka kusini mwa Ujerumani. Wazee wa Rabai waliwakubalia wakae kwao, na tarehe 25 Agosti 1846 wakapanda kile kilima kuanza kituo. Siku hiyo wote wawili walikuwa na homa, na kila mmoja alikuwa mgonjwa hata hakuweza kumsaidia mwenziwe. Ndivyo lilivyoanza kanisa la Rabai: wagonjwa wawili wakipanda mlima.

Je, baada ya hapo watu walimiminika? La. Mtu wa kwanza kuamini alikuwa kilema aitwaye Mringe. Alibatizwa akiwa mahututi, akafa. Baadaye akaja Abe Gunja, mtu wa moyo thabiti. Kwa miaka mingi hesabu ya waumini wa Rabai ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Huko Ulaya wengine walianza kuuliza kama fedha zao hazikuwa zikitupwa baharini.

Tuwaeleze habari tatu za Rebmann na wenzake, maana zote tatu zinahusu mambo yasiyoonekana.

Habari ya kwanza ni ya mlima. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann alikuwa njiani kwenda Uchaga. Asubuhi ile akaona juu ya mlima kitu cheupe kama wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, mtu yule hakuwa na jina la kitu kile, akasema ni baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Ilikuwa Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf naye, akiwa Kitui, akaona kwa mbali mlima mwingine wenye theluji, ule ambao jina lake lilikuja kuwa jina la nchi yetu, Kenya. Walipoandika habari hizi, wataalamu wa Ulaya waliwacheka. Bwana mmoja wa London, W. D. Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga nchi hizi, alishikilia ya kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kwamba macho ya wamisionari hao yaliwadanganya. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla msafiri Mjerumani, von der Decken, hajaupanda mlima ule sehemu fulani, mwaka 1861 na tena 1862, akathibitisha kuwa Rebmann alisema kweli. Theluji ilikuwako muda wote ule. Kicheko cha London hakikuyeyusha hata tone moja.

Habari ya pili ni ya ramani. Wamisionari hawa walikaa pwani wakiwauliza watu wa misafara yaliyo ndani ya bara. Mmoja wao, Jakob Erhardt, alikaa Tanga mwaka 1854 akisikiliza habari za wafanyabiashara. Kila aliyetoka bara, kwa njia yoyote ile, alisema mwisho wa safari yake alifika penye maji makubwa. Basi Erhardt na Rebmann wakachora ramani, wakatia katikati ya Afrika bahari moja kubwa mno. Ramani hiyo ilipofika Ulaya mwaka 1855 watu waliicheka, wakasema bahari yenyewe ina umbo la konokono. Hata hivyo ilikuwa sababu mojawapo ya Burton na Speke kutumwa mwaka 1856 wakaone. Mwaka 1858 wakalikuta Ziwa Tanganyika, na Speke akaliona lile ziwa kubwa la Nyanza aliloliita Victoria. Maji yalikuwako, tena mengi! Lakini hayakuwa bahari moja. Yalikuwa maziwa mbalimbali: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Wachoraji wale walikosea umbo, lakini juu ya maji hawakukosea.

Habari ya tatu ni ya kamusi. Rebmann alikutana na mtumwa mmoja aitwaye Salimini, aliyetekwa kutoka nchi iliyo upande wa Ziwa Nyasa. Rebmann hakuwahi kufika huko, wala hakufika baadaye. Hata hivyo alikaa na Salimini, neno kwa neno, mwaka kwa mwaka, akiandika lugha ya nchi ile. Kwa nini? Kwa sababu aliamini ya kuwa iko siku watu watakwenda huko na Habari Njema, nao watahitaji maneno. Mwaka 1875 wamisionari wa Scotland walifika Ziwa Nyasa. Mwaka 1877 kamusi ya Rebmann ikachapwa. Yeye mwenyewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Tutafakari pia habari ya Salimini. Mtu aliyenyang'anywa kwao, asiye na cheo chochote, akiwa mbali kabisa na nchi ya baba zake, ndiye aliyeihifadhi lugha yao kwa kinywa chake.

Krapf naye alipita katika mambo mazito. Mwaka 1851 alirudi Ukambani. Rafiki yake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, aliuawa msafara uliposhambuliwa karibu na mto Tana. Krapf akabaki peke yake nyikani, hana chakula. Alipofika mtoni alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, na hata katika mtutu wa bunduki, akatembea usiku akijificha mchana, mpaka Mungu akamrudisha Rabai kwa watu waliodhani amekwisha kufa. Mwaka 1853 afya yake ilimshinda, akarudi Ujerumani. Alikuja tena mwaka 1862 kuwasindikiza ndugu zetu Wamethodisti waliokwenda kuanza kazi Ribe, karibu na Rabai. Kwa hiyo Wamethodisti na Waanglikana wa pwani, mkikutana leo katika ibada ya pamoja, jueni ya kuwa mlipandwa katika bustani moja.

Rebmann alibaki. Tangu mwaka 1846 mpaka 1875 alikaa, miaka 29, bila kurudi kwao Ulaya. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Macho yake yakaanza kufifia, na mwishowe akawa kipofu. Mtu aliyeona theluji ya Kilimanjaro hakuweza tena kuona njia ya kutoka mlangoni mwake. Mwaka 1875 aliondoka kwenda kwao akiongozwa kwa mkono na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Hebu piga picha moyoni mwako: Mzungu mzee kipofu anashuka kilima alichokipanda akiwa kijana, na anayemshika mkono ni mwana wa mmojawapo wa waumini wa kwanza wa Rabai. Kama mtu angemwuliza saa ile, "Mzee, matunda ya miaka yako 29 yako wapi?" asingeweza kuyaona kwa macho. Lakini alikuwa ameshikwa mkono nayo. Rebmann alikufa mwezi wa Oktoba 1876 huko Korntal. Krapf alikufa huko huko tarehe 26 Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Sasa tuulize. Ule mlolongo wa Krapf ulikuwaje?

Mungu alikuwa akiutengeneza kwa njia ambayo Krapf hakuichora katika ramani yake. Huko Bara Hindi, karibu na mji wa Nasik, ilikuwako shule ya misioni ambamo walilelewa watoto wa Kiafrika waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Mwaka 1864 wawili wao waliokuwa sasa watu wazima, William Jones na Ishmael Semler, wakaletwa Rabai pamoja na wake zao. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Mwaka 1875 kijiji cha Freretown kikaanzishwa, ng'ambo ile ile alikozikwa Rosina, kuwapokea waliowekwa huru. Kengele yao ilipigwa kuwaonya watu hatari ilipokaribia, na hata leo mahali pale paitwa Kengeleni. Ndugu, fikiri. Mwaka 1844 palikuwa na kaburi la mama mmoja na mtoto wake. Miaka 31 baadaye, jirani na kaburi hilo, palikuwa na mamia ya watu waliovunjiwa minyororo, wakiimba nyimbo za Mungu.

Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler wakawa mashemasi. Mwaka huo huo Hannington alifunga safari ya Uganda kupitia nchi ya Wamasai, na Jones alikwenda naye. Tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu aliuawa huko Busoga. Ni nani aliyewarudisha waliosalia katika msafara ule, safari ya miezi, wakiwa na njaa na huzuni? Alikuwa Jones. Na baadaye watumwa wengi walipotoroka wakakimbilia Rabai, Jones ndiye aliyekuwa akikisimamia kituo. Hakuwafukuza. Mwanzoni mwa mwaka 1889, baada ya mabwana zao kulipwa fedha, zaidi ya watu 1,400 walipewa hati za uhuru wao.

Huko Uganda ubatizo wa kwanza wa Waganda katika kazi ya C.M.S. ulifanyika tarehe 18 Machi 1882. Krapf alikuwa amekufa miezi minne tu iliyopita. Karibu aone, lakini hakuona. Biblia nzima kwa Kiswahili ilichapwa mwaka 1891, ile ya Kimvita ikafuata mwaka 1914, na ile ya Union mwaka 1952. Kazi ya Krapf ilisahihishwa na wengi waliokuja baada yake, kwa maana hakuna mtu wa kwanza asiyekosea. Lakini aliyelima shamba ni yeye. Mwaka 1970 Kanisa la Jimbo la Kenya lilipata Askofu Mkuu wake wa kwanza, Festo Olang', mwana wa nchi hii.

Hapa tunajua vijana wanataka kutuuliza: Je, hawa si ndio waliotangulia mbele ya wakoloni? Ni swali la haki, nasi hatulikimbii. Krapf alifika miaka 40 kabla ya mkutano wa Berlin, wala hakuja na bendera ya serikali. Lakini ni kweli kwamba katika miaka iliyofuata, mara nyingine misioni na serikali ya kikoloni zilishikana mikono kwa namna iliyowaumiza watu wetu, na Kanisa halina faida yoyote kwa kuficha hayo. Tunalosema ni hili. Ahadi ya Mungu haikutolewa kwa serikali yoyote ya Ulaya. Iliahidiwa kwa mataifa yote ya dunia katika uzao wa Ibrahimu, nayo ilibebwa na Mringe aliyekuwa kilema, na Salimini mtumwa, na Isaac Nyondo aliyemshika mkono kipofu, na William Jones aliyekuwa mtoto wa jahazi la watumwa.

Basi, wapendwa, tuchukue mafundisho matatu kwenda nayo nyumbani.

La kwanza, tujifunze kutenga ahadi ya Mungu na matakwa yetu. Siku hizi yanasikika mahubiri yanayosema, toa kiasi hiki, na Mungu amekuahidi gari, nyumba na kazi kabla mwaka haujaisha. Mtu asipopata, huambiwa imani yake ni haba. Tuwaulize wahubiri hao: Rosina Krapf alikosa imani? Rebmann alipofuka kwa sababu hakuamini? Mungu hakumwahidi Krapf kwamba mkewe hatakufa. Alichomwahidi yeye na watakatifu wote ni kwamba atakuwa pamoja nao, kwamba Injili itahubiriwa kwa mataifa, na kwamba waliolala katika Kristo watafufuliwa. Juu ya ahadi hizo Krapf alisimama, hata akiwa kando ya kaburi. Wewe uliyeambiwa kwamba msiba wako ni ishara ya kukosa imani, usiyapokee maneno hayo. Waebrania 11 ni orodha ya waaminio, na karibu kila mmoja aliyetajwa humo alijua machozi.

La pili, tunaweza kukosea umbo la ahadi na tusikosee maji yake. Erhardt na Rebmann walichora bahari moja, Mungu alikuwa ameweka maziwa mengi. Krapf alitazamia mlolongo wa vituo vya wamisionari, naye Mungu akaleta watu waliowekwa huru, makatekista waliotembea kwa miguu, wamama waliofundisha watoto wao sala jioni kando ya moto. Mama unayemwombea mwanao, pengine umekwisha kuchora jinsi atakavyorudi, siku gani na kwa njia gani. Endelea kuomba, lakini ramani mwachie Mungu. Ukiona siku zinapita na ule mchoro wako hautimii, usikate shauri kwamba hakuna maji.

La tatu, imani hufanya kazi katika giza kana kwamba kumekucha. Mwandishi wa Waebrania atuambia kwamba imani humpa mtu uhakika juu ya lile ambalo jicho halijalifikia. Uhakika huo huonekana katika mikono. Ibrahimu aliutoa kwa kupima fedha akanunua shamba. Krapf aliutoa kwa kutafsiri kitabu kisicho na wasomaji. Rebmann aliutoa kwa kuandika kamusi ya nchi asiyoijua. Wewe utautoa kwa nini? Pengine ni kwa kufundisha watoto watano wa shule ya Jumapili mvua ikinyesha. Pengine ni kupanda miti katika uwanja wa kanisa, ambayo watakaokaa chini ya kivuli chake hawajazaliwa. Pengine ni kumsamehe ndugu yako kabla hajaja kuomba msamaha. Usingoje uone kwanza.

Tulianza na swali: mtu aliyeamini akafa bila kuona, je, alidanganywa? Waebrania 11:16 yatujibu kwamba Mungu haoni haya kuitwa Mungu wao, kwa kuwa amewatengenezea mji. Kama mwisho wa habari ungekuwa kaburini, basi ndiyo, wangekuwa wamedanganywa, na sisi pamoja nao. Lakini liko kaburi moja nje ya mji wa Yerusalemu ambalo Mungu alilifungua siku ya tatu. Kwa sababu hiyo twaweza kusimama mbele ya kaburi la Makpela, na la ng'ambo ya Mombasa, na hata lile ulilolichimba wewe mwaka huu nyuma ya nyumba yako, tukangoja. Anayengoja kwa sababu hiyo hajadanganywa.

Na tuombe.

Ee Mungu wa Ibrahimu na Sara, wewe waona tusipoona. Tunakushukuru kwa waliopanda wakilia katika nchi yetu, wageni na wenyeji, wenye majina na wasio na majina. Uwafariji usiku huu wote wanaongoja. Utufundishe kupenda ahadi zako kuliko matakwa yetu. Utupe kazi ya kufanya mpaka kutakapokucha, na mkono wa kutushika macho yetu yatakapofifia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.